Madoa ya Jagwa Katika Ufinyanzi wa Wamaya: Mnyama, Ngozi, Mungu au Roho?

Anayesoma maelezo ya makumbusho kuhusu vyombo vya udongo vya Wamaya wa kale, watu wa Amerika ya Kati, hukutana mara kwa mara na kauli moja: jagwa alikuwa ishara ya mamlaka na ya kuzimu. Kauli hiyo si ya uongo, lakini imetwishwa mzigo mkubwa kupita uwezo wake. Katika vyombo vilivyochorwa kati ya mwaka 250 na 900 hivi baada ya Kristo, kipindi ambacho wataalamu hukiita Enzi ya Kilasiki, madoa ya jagwa yanaonekana kwenye takia la kiti cha enzi, kwenye jalada la kitabu, kwenye shavu la kijana shujaa, kwenye sikio la mungu mzee, kwenye mkia wa kichanga aliyelazwa juu ya mlima wenye uso, na kwenye mwili wa kiumbe anayeelea hewani huku akiwaka moto. Tukiyaita yote hayo "jagwa" na kuyapa maana moja, tunayachanganya mambo ambayo wachoraji wenyewe waliyatenganisha kwa uangalifu mkubwa. Njia ya kuyaelewa ni kuuliza, kila yanapotokea, madoa hayo yako juu ya nani na yanafanya kazi gani hapo.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Jagwa ndiye paka mkubwa kuliko wote katika mabara ya Amerika. Mtu wa Afrika Mashariki akimwona atadhani ni chui, kwa kuwa wote wawili wana manyoya ya rangi ya dhahabu yenye miviringo meusi. Ila jagwa ana kichwa kipana zaidi na miguu mifupi, minene, na ndani ya miviringo yake mingi mna vitone vyeusi ambavyo kwa chui kwa kawaida havimo. Huwinda zaidi usiku, alfajiri na jioni, huogelea bila woga, na anaweza kuua kwa kutoboa fuvu la windo kwa meno yake. Katika misitu na mabwawa ya Petén, kaskazini mwa Guatemala, na katika maeneo jirani ya Belize na ya Campeche na Chiapas huko Meksiko, watu wa miji ya Wamaya waliishi karibu naye, na uzoefu huo unaonekana katika michoro: tumbo huachwa jeupe lenye madoa machache yaliyotawanyika, ncha ya mkia hukolezwa rangi nyeusi, na makucha huchorwa yakiwa yamekunjuliwa. Mara nyingi ua la yungiyungi huchipuka juu ya kichwa chake, na ua hilo ni mmea wa maji yaliyotulia, mahali ambapo mnyama huyu huvizia na kuogelea. Wataalamu wamempa jagwa wa namna hiyo jina la Jagwa wa Yungiyungi, naye ni mmoja wa wahusika wanaojirudia sana katika sanaa hii.

Vyombo vyenyewe vilifinyangwa bila gurudumu. Mfinyanzi alijenga ukuta wa chombo kwa kupandisha mikunjo ya udongo, akausawazisha, akaupaka maji mazito ya udongo laini wenye rangi, akausugua hadi ukang'aa, ndipo ukachomwa katika moto ambao joto lake halikutosha kutengeneza ngozi ya kioo kama ile ya sahani za siku hizi. Rangi nyekundu, ya machungwa, ya malai na nyeusi zilitokana na madini, hasa ya chuma, na zilibadilika motoni. Kwa hiyo mchoraji alipiga mistari yake akiwa anaona rangi tofauti na zile ambazo mwenye chombo angekuja kuziona. Hili ni jambo la kuzingatia tunapotazama ngozi ya jagwa iliyochorwa vizuri, kwa sababu kila mviringo wenye vitone ndani uliwekwa kwa brashi nyembamba sana juu ya ukuta uliopinda, na kosa halikufutika kwa urahisi.

Umbo lililopendwa zaidi katika karne ya 7 na ya 8 lilikuwa kikombe kirefu cha mviringo, na umbo hilo lilileta tatizo kwa watafiti kwa miaka mingi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuona picha nzima kwa mara moja. Katika miaka ya 1970, Justin Kerr, mpigapicha wa New York, alitengeneza kamera iliyopiga picha ya chombo kikiwa kinazunguka na kuikunjua sura yake yote kuwa ukanda mmoja. Kazi yake ilifungua uwanja mzima wa utafiti, na hadi leo vyombo vingi hutajwa kwa namba alizovipa. Lakini picha iliyokunjuliwa ina upungufu wake. Inaonyesha mwanzo na mwisho ambao chombo hakina, na inamfanya mtazamaji asahau kwamba mnywaji wa zamani alikizungusha mkononi, jagwa akitokea upande mmoja na kupotelea upande mwingine.

Kwamba vilikuwa vyombo vya kunywea, hilo sasa halina ubishi. Mwanaakiolojia Michael Coe alionyesha mwaka 1973 kwamba maandishi ya hieroglifi, yaani ya alama za picha, yanayozunguka mdomo wa vikombe hivi yanafuata utaratibu mmoja unaojirudia, ingawa yeye aliyadhania kuwa maneno ya kuwaombea wafu. Yaliposomeka katika miaka ya 1980, yalieleza jambo la kawaida zaidi: hiki ni kikombe cha fulani, cha kunywea kakao, na wakati mwingine jina la aliyekichora. Chungu kilichopatikana mwaka 1984 katika kaburi la mji wa kale wa Río Azul kilikuwa na alama ya kakao kwa nje, na uchunguzi wa kikemia wa mabaki ya ndani ukathibitisha kwamba kweli kiliwahi kubeba kakao. Vikombe hivi vilinyweshewa katika karamu za wakuu, vikatolewa kama zawadi kutoka ufalme mmoja hadi mwingine, kisha vingi vikazikwa pamoja na wenyewe. Picha za jagwa, basi, zilipita mikononi mwa watu wachache waliojua kusoma na waliokuwa na sababu ya kujilinganisha wao kwa wao.

Mfano mzuri wa kuanzia uko katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Princeton. Ni kikombe cha mtindo wa kodeksi, yaani chenye mistari myeusi na ya kahawia juu ya rangi ya malai, kama ukurasa wa kitabu, na huwekwa kati ya miaka 670 na 750. Mungu mzee, ambaye wataalamu humwita Mungu L, ameketi ndani ya jumba lake akimfunga mwanamke bangili mkononi. Wanawake wengine wamemzunguka, na mmoja anamimina kinywaji kutoka chombo kimoja hadi kingine ili kipate povu. Upande wa pili watu wawili waliovaa vinyago wanamkata kichwa mateka aliyefungwa, na mwanamke mmoja anaugusa mguu wa mwenzake kwa kidole ili ageuke aone. Chini ya jukwaa, sungura ameinama juu ya kitabu cha kukunjwa, anaandika. Jalada la kitabu hicho ni la ngozi ya jagwa: madoa machache tu, yaliyowekwa kwa haraka na kwa uhakika, juu na chini ya kurasa.

Katika picha hiyo hakuna jagwa hata mmoja. Kuna ngozi yake. Tofauti hiyo ni ya msingi, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi. Sehemu kubwa ya madoa tunayoyaona katika vyombo vya Wamaya ni ya ngozi iliyokwisha kuchunwa na kugeuzwa kuwa mali: kifuniko cha kiti cha enzi, takia kubwa la kuegemea, kikoi cha shujaa, viatu, jalada la kitabu. Mchoraji aliyetaka kusema kwamba mtu huyu ni mfalme hakuhitaji kumpa sura ya mnyama; alimketisha juu ya ngozi. Kwa hiyo katika mandhari ya baraza, ambako wageni wanaleta mizigo ya nguo na kakao, madoa yanazungumza kuhusu utajiri, kuhusu ushuru, na kuhusu nani ana haki ya kukalia nini. Ngozi hizo zilihitaji wanyama halisi, nao walipatikana kwa taabu. Huko Copán, magharibi mwa Honduras, karibu na Madhabahu Q, ambayo mfalme Yax Pasaj Chan Yopaat aliizindua mwaka 776, wanaakiolojia walikuta shimo lenye mabaki ya paka wakubwa wapatao 15. Uchunguzi wa kikemia wa mifupa ya paka wa Copán umeonyesha kwamba baadhi yao walikula vyakula vinavyotokana na mahindi, jambo lisilotarajiwa kwa mnyama anayejiwindia msituni, na hivyo inaelekea waliwahi kufungiwa na kulishwa na watu.

Majina ya wafalme yanakwenda pamoja na matumizi hayo. Mji wa Yaxchilán ulitawaliwa na Itzamnaaj Bahlam na baadaye Yaxuun Bahlam, na mji wa Palenque ulikuwa na K'inich Kan Bahlam. Katika majina yote hayo mna jagwa, yaani neno *bahlam*. Kichwa cha jagwa kinapotokea katika maandishi ya chombo, basi, huenda ni sehemu ya jina la mtu tu na hakihusiani kabisa na picha iliyo chini yake.

Hali inabadilika madoa yanapohamia kwenye mwili wa mtu. Katika vyombo vingi wanaonekana vijana wawili ndugu, na mchoraji amewatenganisha kwa alama za ngozi. Mmoja ana madoa makubwa meusi, moja moja, kwenye shavu na viungo vya mwili. Mwingine ana vipande vya ngozi ya jagwa vilivyobandikwa kuzunguka mdomo, kwenye mikono na miguuni. Macho ya haraka huyaona yote kuwa madoa, na nimekuta maelezo kadhaa yakiwaita wote wawili "vijana wa jagwa". Sivyo. Jagwa ni wa yule wa pili peke yake, ambaye wataalamu humwita Yax Balam, na ndiye anayelinganishwa na Xbalanque, mmoja wa mapacha mashujaa wa Popol Vuh. Ulinganisho huo una nguvu, lakini una mipaka. Popol Vuh ni maandishi ya Wak'iche' wa nyanda za juu za Guatemala, yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini katika karne ya 16 na kutufikia kupitia nakala ya padri Francisco Ximénez ya mwanzoni mwa karne ya 18. Kati yake na vikombe vya Petén kuna karibu miaka 800 na lugha tofauti za jamii moja ya Kimaya. Katika miaka ya 1970 ilikuwa desturi kuitafuta hadithi ya mapacha katika kila chombo. Leo ni wazi kwamba wachoraji wa Enzi ya Kilasiki walikuwa na visasili vingi ambavyo havikuingia katika kitabu hicho, na jagwa anahusika katika baadhi ya vile vilivyo muhimu zaidi.

Kimoja kinamhusu mungu ambaye ni nadra kuonyeshwa akiwa mnyama kamili. Ana uso wa mtu mzima, pua kubwa, macho makubwa ya mraba yaliyojipinda ndani, jino la mbele lililochongoka au kuchongwa, sikio la jagwa, na juu ya pua yake kuna kamba iliyosokotwa inayopita katikati ya macho. Kamba hiyo ndiyo kitambulisho chake. Ukiiona, huna haja ya kutafuta madoa. Watafiti walizoea kumwita Mungu Jagwa wa Kuzimu, na Eric Thompson, aliyetawala masomo ya Wamaya katikati ya karne ya 20, alimtafsiri kuwa jua linaposafiri chini ya ardhi wakati wa usiku. Hoja yake ilitegemea zaidi mfanano: mungu huyu na mungu wa jua wana macho na meno yanayokaribiana. Tafsiri hiyo ilienea mno, na bado inanukuliwa kana kwamba imethibitishwa.

Ushahidi wa vyombo vyenyewe unaelekeza pengine. Katika michoro kadhaa ya mtindo wa kodeksi mungu huyu amefungwa kamba na kukalishwa juu ya mwamba huku vijana wakimwendea na mienge ili wamchome. David Stuart, mtaalamu wa hieroglifi za Wamaya, amekihusisha kisa hicho na jiwe refu la kumbukumbu namba 35 la mji wa Naranjo, ambapo mtawala amesimama na mwenge mkononi, na kumchoma mateka kunalinganishwa na kuchomwa kwa mungu wa jagwa. Hapo tunaona kisasili kinavyofanya kazi katika siasa: adui anapewa nafasi ya mungu aliyefungwa, na mfalme anachukua nafasi ya vijana wenye mienge. Kinachojirudia ni moto. Kwa sababu hiyo watafiti wengi sasa wanamwona kuwa mungu wa moto na wa vita kuliko kuwa jua la usiku, na naona hoja yao ni imara zaidi, kwa kuwa inaanza na matendo yanayoonekana katika picha badala ya kuanza na mfanano wa nyuso.

Palenque inatoa ushahidi wa aina nyingine. Kwenye ngazi za mahekalu ya Kundi la Msalaba zilifukuliwa nguzo za udongo za kubebea vyetezo, nyingine zikizidi urefu wa mita moja, zenye nyuso zilizopangwa moja juu ya nyingine na mabawa ya udongo pande zote mbili. Idadi ya zilizofahamika ni zaidi ya mia moja, na uso wa kati katika nyingi ni wa mungu huyu mwenye kamba juu ya pua. Juu ya nguzo liliwekwa bakuli, na ndani ya bakuli kikachomwa kopali, utomvu wa mti unaotoa moshi wa harufu kama ubani. Hapa ufinyanzi hausimulii moto kwa rangi, unaubeba wenyewe. Uso wa jagwa-mungu ulikaa chini ya makaa halisi na moshi halisi, na nguzo hizo zilipomaliza muda wake zilizikwa kwenye ngazi za hekalu na nyingine mpya zikawekwa.

Kisasili cha pili ni cha kichanga. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kuna kikombe cha mtindo wa kodeksi cha karne ya 7 au ya 8 ambacho watafiti wamekichunguza kuliko karibu chochote cha aina yake. Chahk, mungu wa mvua, anacheza akiwa ameinua shoka kwa mkono mmoja. Mbele yake, juu ya mlima uliochorwa kama kichwa cha mnyama mwenye macho na pua, amelala mtoto mchanga chali, mikono na miguu ikirushwa juu. Ana masikio, makucha na mkia wa jagwa. Upande wa pili mungu wa kifo, mifupa mitupu na tumbo lililovimba, amenyoosha mikono. Je, anampokea au anamtupa? Wapo walioiona picha hiyo kuwa ya kafara, na wapo waliohusisha mlima, mvua na mtoto na kuzaliwa upya. Vyombo vinavyofanana na hiki ni vingi kiasi cha kuweza kulinganishwa, na katika baadhi yake mtoto anaonyesha alama za yule mungu mwenye kamba juu ya pua. Simon Martin alichapisha mwaka 2002 uchunguzi unaomfuatilia kichanga huyu katika picha na maandishi, na jina lake, Unen Bahlam, yaani Jagwa Mchanga, lilibebwa pia na mtawala wa Tikal wa mapema karne ya 4. Kwa hiyo kisa hiki si kitu kilichobuniwa na wachoraji wa vikombe. Kilikuwa cha kale tayari walipokichora.

Kabla ya kufika kwa viumbe wa ajabu kuliko wote, lazima niseme neno kuhusu hali ya ushahidi, kwa sababu inauma. Vikombe vingi maarufu, vikiwamo vya Princeton na Metropolitan, havikufukuliwa na wanaakiolojia. Vilitolewa na wachimbaji haramu waliotoboa mahandaki ndani ya piramidi za Petén, vikauzwa, vikavuka mipaka. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, amri ya dharura ya Marekani ya mwaka 1991 kuhusu vitu vya Petén, na makubaliano ya Marekani na Guatemala ya mwaka 1997 vilipunguza biashara hiyo, lakini hakuna mkataba unaoweza kurudisha kaburi lililovunjwa katika hali yake ya awali. Kinachopotea si heshima ya wafu pekee. Hupotea pia habari ya nani alizikwa na chombo, kando ya nini, na katika mji gani. Uchunguzi wa kikemia wa udongo umesaidia kiasi: ndio uliohusisha vyombo vya kodeksi na eneo la Nakbe katika bonde la El Mirador, na vigae vya mtindo huohuo vimefukuliwa katika mji wa Calakmul. Tena, wauzaji waliwaajiri mafundi wa kutengeneza vyombo vilivyovunjika, na baadhi ya mafundi hao walijaza nafasi zilizofutika kwa brashi zao wenyewe. Madoa ni kitu rahisi sana kukiongeza. Anayetaka kujenga hoja juu ya mpangilio wa miviringo katika ngozi fulani inambidi kwanza ajue ni mingapi kati yake iliyo ya mchoraji wa kale.

Ndiyo maana kikombe kilichopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Altar de Sacrificios, katika mto Pasión, kina thamani ya pekee. Richard Adams na wenzake wa msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard walikifukua wenyewe kaburini, na maandishi yake yana tarehe inayolingana na mwaka 754. Kimezungukwa na watu sita wa kutisha. Mmoja, aliyevaa suruali na glavu za ngozi ya jagwa, anacheza huku kichwa kikiwa kimetupwa nyuma. Mwingine anacheza na nyoka mkubwa. Kwa kuwa kando ya kila mmoja kuna maandishi mafupi, na baadhi ya maandishi hayo yana alama za falme zinazojulikana, Adams alitoa maelezo yenye mantiki nzuri: hawa ni wakuu waliotoka miji mingine kuja kuhudhuria mazishi. Kwa karibu miaka 30 chombo hicho kilisomwa kama orodha ya wageni, na historia ya kisiasa ya eneo hilo ilijengwa kwa sehemu juu yake.

Mwaka 1989 msingi huo uliondolewa. Stephen Houston na David Stuart, na Nikolai Grube akifanya kazi peke yake, walisoma alama inayojirudia katika maandishi hayo kuwa *way*, ambayo siku hizi huandikwa pia *wahy*, neno linalohusiana na kulala na kuota. Maandishi hayo, basi, hayasemi "huyu ni mkuu wa ufalme fulani". Yanataja jina la kiumbe, kisha yanasema kiumbe huyo ni *wahy* wa mkuu wa ufalme fulani. Watu sita wa Altar hawakuwa wageni wa mazishi, wala hawakuwa watu. Na alama yenyewe inayoandika neno hilo ni uso wa kibinadamu, uleule unaotumika kuandika cheo cha mtawala, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa ngozi ya jagwa. Waandishi walipotafuta namna ya kuonyesha upande mwingine wa mtu, ule usioonekana akiwa macho, walitumia madoa.

Tangu hapo viumbe hao wamekusanywa na kuorodheshwa. Grube na Werner Nahm walichapisha orodha yao mwaka 1994, na jagwa ni wengi ndani yake. Kuna wa majini, kuna mwenye yungiyungi kichwani, kuna anayetoa miali ya moto mwilini, kuna waliovaa skafu shingoni zilizofungwa kama za watu wanaoongoza ibada ya kafara. Huelea bila ardhi chini yao, tofauti kabisa na ngozi ya kiti cha enzi ambayo daima ina mahali pake katika jumba. Wachoraji wa ufalme wa Ik', uliokuwa Motul de San José karibu na ziwa Petén Itzá, waliwapenda sana viumbe hao katika karne ya 8, na waliwachora pia watu halisi wakicheza kwa mavazi ya jagwa, kinyago kikikatwa kwa pembeni ili uso wa mchezaji uonekane ndani. Kwa mkato huo mchoraji anamweleza mtazamaji waziwazi kama yuko mbele ya kiumbe au mbele ya bwana aliyemvaa.

Swali linaloendelea kujadiliwa ni nini hasa kiumbe huyo alimfanyia mwenye kumiliki. Houston na Stuart mwanzoni walimweleza kuwa sehemu ya nafsi ya mtu, mwenza wake wa kiroho, kwa kulinganisha na imani zilizoandikwa katika jamii za Kimaya za karne ya 20. Baadaye Stuart alibadilisha mkazo. Viumbe hao wamejaa mifupa, matapishi, damu, wadudu na moto, na baadhi ya majina yao yanakaribiana na majina ya maradhi katika maandishi ya uganga ya Wamaya wa baadaye. Kwa maoni yake, walikuwa nguvu za uchawi ambazo watawala walidaiwa kuwa nazo na kuweza kuwatumia adui zao. Tafsiri hiyo inaeleza vizuri kwa nini wanatajwa kwa ufalme na si kwa jina la mtu, na kwa nini wanakusanywa kwenye kikombe kimoja wakiwa wa falme kadhaa. Ikiwa ni sahihi, jagwa anayewaka moto kwenye ukuta wa kikombe cha kakao alimkumbusha aliyealikwa kwenye karamu hiyo kile ambacho mwenyeji wake, au mkuu wa ufalme jirani, angeweza kumtumia usiku akiwa amelala.